Pleti za Paluku

Tuliokuwepo siku ile ni hawa. Bibi yangu, mama mzazi wa baba, ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Bwambale, mdogo wake baba, ndiye aliyeshika usukani. Jirani yetu ambaye sote tulimwita Afande, kwa sababu aliwahi kuwa mwanajeshi na hakuacha kusema kama mwanajeshi. Mdogo wangu Biira. Mdogo wetu wa mwisho, Muhindo, juu ya tangi la pikipiki. Na mimi, Masika, nimesimama mlangoni na mwiko wa ugali mkononi. Bibi kila aliposimulia alimtaja na baba, na sidhani kama alikosea. Baba alikuwa karibu kabisa, chini ya migomba, na mawe ya kaburi lake yalikuwa bado hayajashika ukungu wa kijani.

Nimeyakumbuka tena kwa sababu ya harufu. Chini ya kitanda changu kuna mkebe mkubwa wa majarini, wenye kifuniko cha kubana, na ndani yake zimelala pleti za klachi katika oili safi. Kila mvua za kwanza zinapoanza naufungua, namwaga oili ya zamani, natia mpya. Juzi nilipoufungua harufu ilinipanda puani, nzito, yenye utamu kidogo, kama karanga zilizosahauliwa kwenye kikaango, na mara nikawa tena pale mlangoni, nikisikia injini.

Wenzangu wa rika langu mliokulia kwenye milima iliyo juu ya Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, mnajua njia zetu. Gari halipandi. Baba alikuwa na pikipiki ya milimani, ndefu, yenye matairi ya meno, na juu yake alishusha kahawa na wagonjwa, akapandisha sabuni na chumvi ya Kabatoro. Mama alitangulia kufa, hospitalini. Kabla hajakata kauli alinishika mkono akaniambia neno moja tu: "Msiachane." Mimi ndiye mkubwa wa watatu, kwa hiyo neno lile lilikuwa langu. Msimu uliofuata baba naye akaugua, akaenda upesi, kama mtu aliyekumbuka kitu njiani akarudi kukifuata. Hakuna aliyeniambia niache shule. Asubuhi moja kulikuwa na moto wa kuwasha na uji wa kupika, na asubuhi iliyofuata vilevile.

Katika ukoo wetu, chombo alichofanyia kazi marehemu hakiguswi mpaka matanga yaondolewe. Jembe lake hubaki limeegemea ukuta na udongo wake. Panga lake halinolewi. Wazee walioweka mwiko huo walikuwa na jembe, panga na mkuki, pikipiki hawakuifikiria. Bibi aliifikiria. Baada ya maziko aliuchukua mkeka ambao baba aliulalia katika ugonjwa wake, akaifunika nao pikipiki chini ya paa la nyuma, akasema, "Na hii imefiwa."

Mvua za msimu mzima zikaikuta pale. Mimi na wadogo zangu tulilala chumba cha nyuma, ukuta mmoja tu kati yetu na ile pikipiki, na alfajiri, ukungu ukiwa umeshuka hadi vizingiti, tulisikia mlio mdogo: tik. Kisha kimya. Kisha tik. Biira alisema inapumua. Muhindo akasema haipumui, inahesabu. Tukiamka tulikuta chini yake tone jeusi kwenye vumbi. Tulilifuta kwa majani ya mgomba, na siku iliyofuata lilikuwepo tena, mahali palepale. Kuku wetu walilala popote, hata juu ya sufuria, lakini juu ya mkeka ule hawakulala. Leo najua kwamba oili huvuja, na kwamba bati hulia likipata baridi. Habari ya kuku mpaka leo sijaielewa.

Siku ya kuondoa matanga tulinyolewa, watu wakanywa tonto, pombe yetu ya ndizi, wakaaga. Tuliobaki ni hao niliowataja. Bibi aliutoa mkeka, akamwambia Bwambale, "Iamshe."

Bwambale hakuwa dereva wa kusifiwa. Alikuwa amezoea pikipiki ndogo za Kasese mjini, za kwenye lami. Lakini ndiye aliyekuwa mwanamume wa damu. Muhindo alijipandia mwenyewe tangini, pale baba alipomweka kila jioni, akashika usukani katikati kwa viganja vyote viwili. Hakuna aliyemkataza. Pikipiki iliwaka baada ya mateke mengi. Moshi ukajaa uani, ukachanganyika na ukungu, hata migomba ikawa kama watu waliosimama wakisubiri kuitwa. Bwambale akavuta klachi. Nilimwona kwa macho yangu, aliivuta mpaka mwisho, vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe. Ndipo akakanyaga gia ya kwanza.

Kwa msiopanda pikipiki nieleze kidogo. Ukivuta klachi, injini na gurudumu huachana mikono. Injini itanguruma itakavyo, gurudumu halina habari. Klachi haina kazi nyingine duniani. Siku ile klachi imevutwa yote, na pikipiki ikaruka kama mbuzi aliyepigwa jiwe, kisha ikatulia, ikaanza kutembea. Sisemi kukimbia. Ilitembea taratibu, mwendo ule ule wa baba wa jioni alipokwenda kukagua migomba yake.

"Breki!" Afande alifoka. "Wewe! Simamisha hiyo kitu!"

"Nimeshika klachi!" Sauti ya Bwambale ilikuwa imekuwa nyembamba. "Nimeishika! Inaenda yenyewe!"

Ikashuka ua. Ikapita kati ya migomba miwili bila kuchana hata jani. Ikafika kaburini, gurudumu la mbele likapanda jiwe la kwanza, na injini ikakata.

Hata mto kule bondeni ulikuwa kama umeshikilia pumzi. Bwambale aliruka chini, akamwacha mtoto juu. Muhindo hakulia. Aligeuza shingo akatutazama sote, mtoto ambaye hata meno ya mbele hayajaanza kung'oka, akasema kama anayetoa habari ya kawaida, "Baba ndiye alishika."

Afande hakutaka kushindwa mbele ya wanawake na watoto. Alimshusha Muhindo, akaisukuma pikipiki, akaigeuza uso barabarani, akaiwasha. "Mimi nimeona maiti nyingi," alisema. "Hakuna moja iliniambia kitu." Akavuta klachi, akatia gia. Pikipiki ikaruka, ikaanza kutembea naye. Alipobana breki ikakata. Akarudia. Ikatembea, ikakata. Aliposhuka alipangusa mikono kwenye suruali mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na sauti yake ya kambini ilikuwa imemtoka. "Hii iko na mutu," alisema polepole.

Ilikuwa imegeuzwa uso barabarani, nayo ikatembea kuelekea barabarani. Jambo hilo hakuna aliyelitilia maanani, hata mimi.

Bibi hakuinuka kwenye kinu. "Anamwita mtoto," alisema. Alisema kwa Kikonzo, lugha yetu, na humo maneno yalikuwa machache zaidi. "Anayeitwa halali kwenye ardhi ya anayemwita. Siku ya soko ikipita, Muhindo ataenda Ibanda kwa shangazi yake. Biira atamsindikiza akae naye, mtoto asilie peke yake ugenini."

"Na mimi?"

"Wewe utabaki na mimi. Nani atanichotea maji?"

Nilitazama mwiko mkononi mwangu. Ugali ulikuwa umeukaukia. Ibanda si mbali kwa anayeitazama leo kwenye simu, lakini kwetu wakati ule mtoto aliyepelekwa kwa shangazi alirudi akiwa mgeni, akikaribishwa kiti. Nilisema, "Bibi, kama ni ugonjwa wa chuma?"

"Chuma hakijui njia ya kaburini."

"Nipe mpaka soko. Niipeleke kwa fundi."

Bwambale akasema hakuna fundi wa wafu, tuisukume mtoni tu yaishe. Bibi akamtazama mpaka akanyamaza. Kisha akaniambia: "Ipeleke. Ikirudi, mtoto ataketi palepale tangini, uso wa pikipiki kaburini, nami nitatazama. Ikitembea, hata hatua ya kifaranga, wataondoka, na sitaki kusikia kilio."

Asubuhi ya soko Afande alikuja kutusaidia kuitoa kwenye gia, kwa maana ilikataa. Alinivutisha klachi huku yeye akiitikisa. "Sukuma mbele! Rudisha! Mbele! Usilale!" Mpaka kitu kikalia ndani na magurudumu yakalegea. Mimi nilishika usukani na breki. Biira alifuata nyuma na kamba ya kuizuia. Muhindo alitakiwa abaki na bibi, akakataa kwa kujifunga miguuni mwangu, basi akatangulia mbele yetu, mdogo, amevaa sweta la baba lililomfika magotini, akiingia ukunguni na kutoka.

Kila kitu kizito hutaka kushuka mlima. Nalijua hilo. Lakini siku ile niliisikia pikipiki ikivuta mikononi mwangu kama ng'ombe aliyesikia harufu ya maji, na sikuweza kuondoa macho kwenye mgongo wa mdogo wangu uliokuwa mbele ya gurudumu. Habari ilikuwa imetutangulia njiani. Waliokuwa wakipanda na mizigo walitupisha mbali. Mama mmoja aliyetufahamu, aliyekuwa akitupa ndizi mbivu kila tukipita, alifanya ishara ya msalaba na kuingia ndani ya shamba la kahawa mpaka tupite. "Mama, habari za asubuhi," Biira alimwamkia. Hakuitikia. Tulisikia tu majani yakitikisika.

Mpondwe, pale mpakani, siku ya soko ni kelele tupu: malori yamesimama mstari yakisubiri forodha, wapagazi wanapita na magunia vichwani, mawakala wanainua karatasi juu zisilowe kwa manyunyu. Nyuma ya malori, chini ya turubai, palikuwa na fundi aliyetoka upande wa Butembo, huko Kongo. Watu walisema mkono wake ni mwepesi. Tulimkuta ameuma bisibisi kwa meno, anafunga mnyororo wa mtu. Biira alinifinya. Baba alikuwa akiuma bisibisi vivyo hivyo.

"Karibu. Muko batoto ya nani?"

"Wa Baluku," nikasema.

"Baluku gani? Mimi pia Paluku." Akacheka, bisibisi ingali mdomoni. "Na wewe?"

"Masika."

"Basi tuko bakubwa wawili hapa. Tutaelewana."

Mnajua majina yetu. Mtoto hachaguliwi jina, hulikuta likimsubiri. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira. Mvulana akija baada ya mfululizo wa wasichana ni Muhindo, aliyegeuza. Mvulana wa kwanza kwetu ni Baluku, na upande wa Kongo, kwa ndugu zetu, ni Paluku. Kila nyumba ina wake. Lakini Muhindo hakuwa amefika umri wa kulijua hilo. Alisikia jina la baba likitoka kwa mtu mwenye bisibisi ya baba. Alimwendea, akaweka pua kwenye mkono wa shati lake, akanusa. Kisha akanirudia, akaninong'oneza, "Amebadilisha uso tu." Nami nilikuwa mkubwa, lakini nywele za kichwa changu kilichonyolewa, kama zingekuwepo, zingesimama.

Fundi hakuuliza pikipiki inaumwa nini. Aliizunguka, akagusa sehemu ambayo mkeka ulikuwa umeacha alama ya unyevu, akauliza, "Ililala sana?"

"Ilikuwa imefiwa."

Aliitoa bisibisi mdomoni. Hakucheka. "Imefiwa namna gani?"

Nikamweleza yote: baba, mkeka, migomba, Muhindo tangini, Ibanda. Nilimwambia pia neno la mama, ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Alisikiliza huku anakaza macho kwenye mkono wa klachi. Nilipomaliza alisema, "Bon. Tuone kama ni marehemu ao ni ambreyage." Ndivyo walivyoita klachi wao.

Alianza na waya. Mkono wa klachi ulikuwa unacheza mno kabla ya kushika kitu, akaukaza kidogo kidogo. Akainua gurudumu la nyuma juu ya sanduku la mbao, akatia gia, akanivutisha klachi, akajaribu kulizungusha gurudumu kwa mkono. Likagoma. "Si waya," alisema. Akachomoa kijiti cha oili, akasugua kati ya vidole, akanusa, akanipa na mimi ninuse. "Haya ni mafuta ya kamyo. Mazito kama uji. Nani alitia?" Nikajua ni baba. Madereva wa malori walimpa mabaki. "Ni mbaya, lakini si yeye peke yake," fundi akasema. Akailaza pikipiki kwa ubavu wa kushoto, taratibu, kama mtu anayelazwa kitandani, akaanza kufungua kifuniko cha kulia.

Muhindo alijificha nyuma yangu. Alidhani sasa tutamwona.

Spring zikatoka. Kisha fundi akaingiza vidole ndani ya ile nyumba ya klachi, akavuta. Pleti zinapaswa kutoka moja moja, zikipishana, za chuma na zenye kitambaa kigumu. Zilitoka zote pamoja, donge moja jeusi, kama chapati zilizosahauliwa chini ya mvua. Alilishika donge lile mbele ya macho yangu.

"Ona muzimu yenu," alisema. "Zimegandana. Unavuta ambreyage, zinapaswa kuachana. Hazikuachana. Basi injini inakokota gurudumu, gurudumu inakokota mutoto. Ingekuwa imewashwa hata kidogo kila juma, hazingeshikana hivi. Lakini mulifunika." Alinitazama, akapunguza sauti. "Mulifunika na heshima. Sisemi mubaya."

Akaingiza ncha ya kisu kati ya pleti. Ziliachana kwa mlio ambao naweza kuusikia hata sasa nikitaka, mlio wa mtu anayefumbua midomo iliyokauka ili aseme. Moja. Nyingine. Tena nyingine. Harufu ya kuungua ikapanda.

Nilidhani yameisha. Nilikwisha kuanza kucheka, nimemshika Biira bega. Lakini fundi alizipangusa zile za chuma, akaziinua juu kwenye mwanga, akazigeuzageuza. Zilikuwa za buluu. Si rangi iliyopakwa. Buluu iliyotoka ndani ya chuma, yenye mawimbi, kama mafuta juu ya maji. Akazilaza moja moja juu ya kipande cha kioo cha lori, akazigusa pembeni kwa kidole. Zilitikisika, hazikulala sawa.

"Hizi ziliungua zamani, mbele ya kulala," alisema. "Mutu aliendesha na ambreyage nusu. Mbali sana. Hakuachilia, hakushika. Nusu, nusu, njia nzima. Mutu anafanya hivyo akibeba mayai." Akafikiri. "Ao akibeba mugonjwa. Hataki amutikise."

Biira aliniangalia, nami nikamwangalia. Tuliijua safari hiyo. Ilikuwa asubuhi, mama amefungwa kwa kanga mgongoni mwa baba, na mimi nyuma nikimshikilia asianguke, kutoka kwetu juu mpaka hospitali ya chini. Nilikumbuka injini ikilia bila kwenda, na harufu ya karanga zilizoungua, na mama akisema kwa sauti ndogo kila tulipofika kwenye mawe, "Polepole, Baluku." Baba alikwenda polepole mpaka akaviunguza vyuma. Havikumwokoa mama. Kisha aliendelea kubeba kahawa juu ya vyuma vile vilivyopinda, hakumwambia mtu.

Sikulia pale. Niliuliza, "Zitapona?"

"Hizi hapana. Nikizirudisha, leo itasimama, kesho itatembea tena."

Hakukuwa na duka la pleti za namna ile Mpondwe, wala Bwera. Labda Kasese, labda Kampala. Soko lilikuwa leo. Nilikaa chini kwenye sanduku lake. Muhindo alikuwa ameokota pleti moja ya buluu, ameivaa mkononi kama bangili, anaitazama ikibadilika rangi.

Paluku alitutazama sote watatu kwa muda. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya turubai, akaleta pikipiki yake mwenyewe. Ilikuwa ndugu ya yetu, tofauti ni rangi tu. Akailaza kwa ubavu wa kushoto, akaifungua kifuniko.

"Baba, utatembea na nini?" nilimuuliza. Neno baba lilinitoka kwa heshima tu, kama tunavyomwita kila mtu mzima. Muhindo aligeuka haraka.

"Kesho ninarudi kule kwenye vita kutafuta batoto yangu. Beko watatu, kama nyie. Ile njia ni ya muguu, pikipiki haipite. Nikirudi, nitakuya kuzichukua hizi." Akazitia pleti zake kwenye kopo la oili nyepesi. "Ziache zinywe kwanza. Disiki kavu haina akili." Na wakati zinakunywa alikaa na tupa, akasawazisha makovu ambayo pleti zetu zilikuwa zimechimba kwenye kuta za nyumba ya klachi, akipuliza vumbi la chuma, huku Biira akimenya miwa ambayo fundi alitununulia. Alipomaliza kufunga pleti na spring zake ndani ya pikipiki yetu, alinionyesha jinsi ya kufunga mkono wa klachi kwa kitambaa, umevutwa hadi kwenye usukani. "Ikilala tena, ifunge hivi. Hivi disiki hazigusane. Italala lakini haitakufa."

Afande alikuwa amekuja sokoni, akaipandisha pikipiki nyumbani, sisi tukifuata kwa miguu. Tulipofika bibi alikuwa amekwisha kaa kwenye kinu. Nguo za Biira na Muhindo zilikuwa ndani ya mfuko mmoja wa nailoni, mlangoni.

Hakuna mwanamume aliyetaka kushika usukani. Bwambale alisema bega linamuuma. Basi nilipanda mimi. Miguu yangu haikufika chini vizuri, Afande akanishikilia ubavuni. Muhindo akapanda tangini. Uso wa pikipiki uliwekwa pale pale, migombani. Niliona mawe kati ya mashina mawili.

"Washa," bibi alisema.

Afande akaikanyagia teke, ikawaka. Nilivuta klachi mpaka mwisho. Mkono wangu ulikuwa wa mtoto na spring za Paluku zilikuwa ngumu. Nikakanyaga gia. Kitu kikalia ndani, tik, mlio ule ule wa alfajiri.

Pikipiki ilisimama.

Ilitetemeka chini yetu, ikinguruma, mdomo wake kaburini, lakini haikwenda. Muhindo aliinamisha kichwa kana kwamba anasikiliza tangi. "Anasubiri," alisema.

Bibi alitazama gurudumu. Alitazama mpaka vidole vyangu vikafa ganzi, mpaka mkono ukaanza kutetemeka kutoka kwenye bega, na nikajua kwamba nikiachia, kidogo tu, itatembea, na hakuna atakayeuliza kama ni marehemu au ni mkono wa Masika uliochoka.

"Nani ameishika?" bibi aliuliza.

"Mimi, bibi."

"Basi shikilia."

Nikashikilia. Ndipo alipoinuka, akauchukua mfuko wa nailoni mlangoni, akaingia nao ndani, akaanza kuzitundika nguo.

Muhindo sasa ni mtu mzima, yuko Kasese, ana mke na ndevu. Biira ana nyumba yake hapo chini, naiona taa yake nikitoka nje. Bibi alipofariki, wazee walikuja na mkeka kuifunika pikipiki, maana ndiyo iliyokuwa ikimlisha, nikawaomba kitu kimoja, nikaufunga mkono wa klachi kwa kipande cha kitenge chake. Walioona walifanya hivyo kwao. Siku hizi ukipita kwenye vijiji vyetu ukaona pikipiki imefungwa kitambaa usukanini, jua kuna msiba. Vijana wanasema ni mila ya tangu zamani, eti ni kumfunga mikono marehemu. Nimejaribu kuwaeleza. Wanapendelea maelezo yao.

Paluku hakurudi. Pikipiki yake ilikaa chini ya turubai misimu miwili, turubai likachanika, kisha siku moja nikashuka nikakuta haipo. Niliuliza wapagazi, wauza chai, mawakala. Hakuna aliyesikia injini. Isingesikika, kwa sababu pikipiki isiyo na pleti haiendi popote. Aliyeichukua aliisukuma kwa mkono, na hakuna aliyemwona.

Nilipopata uwezo nilinunua pleti mpya, sawa na zile alizonipa, nikazilaza kwenye oili. Kila mara watu wanaokimbia vita wanapovuka kutoka upande wa Beni na Butembo na magodoro vichwani, nashuka Mpondwe na mkebe wangu. Namuulizia Paluku, fundi. Mara ya mwisho nilisimama mbele ya umati uliokaa chini ukisubiri kuandikishwa, nikaita jina, na wanaume wengi wakainua vichwa kwa pamoja, wazee na vijana, nyuso ngeni zote, zikinitazama.

"Paluku gani, mama?" aliuliza mmoja. "Humu tuko bengi."

"Fundi wa ambreyage. Aliyekuwa na watoto watatu."

Wakatazamana. Mwanamke aliyekuwa ananyonyesha akaniuliza, "Alikuibia?"

"Hapana. Mimi ndiye nina vitu vyake."

Akautazama mkebe, akasogeza mtoto upande wa pili, akasema wako wengine nyuma, bado wako njiani. Nikangoja mpaka wa mwisho akapita. Kisha nikapanda mlima na mkebe wangu, nikaurudisha chini ya kitanda, na pleti zake bado zinakunywa.